Brekipedi za kushukia Manyovu, na duka la spea lililoniuliza ninabeba nini

Nina Probox ninayobebea maharage na ndizi kutoka Manyovu kuleta soko la Mwanga hapa Kigoma, Jumanne na Ijumaa. Nikishapakia gunia nne za maharage, nyuma kuna kilo mia nne, na mimi na kijana wangu wa kupakia tuko mbele. Barabara ni ya lami, ina miteremko mirefu na kona, na lami nzuri gari likiwa na mzigo ina hatari yake. Haya ninayoandika ni ya mtu wa safari hiyo. Anayetoka Gungu kwenda kazini mjini na kurudi anaweza kuridhika na pedi ambazo mimi sizitaki tena.

Mwaka jana nilifunga pedi za sh 18,000. Boksi jeupe, picha ya diski, hakuna jina la kiwanda wala namba. Muuzaji (si wa duka ninalolisifia hapa) alizitazama sekunde moja akasema, "Zinaingia tu hizo, mama." Na kweli ziliingia. Wiki mbili nilikuwa naona nimeokoa hela.

Wiki ya tatu tumeshaiacha Kalinzi, tunashuka, kijana akaniuliza, "Mama, harufu gani hii?" Mimi nilidhani ni lori lililokuwa mbele yetu. Nikakanyaga breki kuingia kona, gari likapunguza kidogo tu. Nikakanyaga tena kwa nguvu zote. Pedali ilikuwa ngumu vilevile, haikuzama hata kidogo, lakini gari halisikii. Nikashusha gia hadi L, ile ya chini kabisa, injini ikanguruma, nikavuta handibreki kidogo kidogo huku naisogeza gari upande wa mlimani, majani yakaanza kupiga mlango. Tuliposimama, rimu za mbele zilikuwa zinafuka moshi. Kijana alishuka akaweka mawe kwenye matairi bila kuambiwa. Tulikaa pale karibu saa nzima, na hakuna aliyeongea.

Fundi wangu alipozitoa kesho yake aliniita nione. Uso wa pedi uling'aa kama kioo, ukipitisha kucha inateleza. Pedi moja ya kushoto, nyama yake ilikuwa imeanza kubanduka kwenye bati, pembeni inamomonyoka kama mkaa uliolowa. Akanieleza jambo ambalo natamani kila mwenye gari alijue. Pedali ikiwa laini na kuzama hadi chini baada ya kushuka mlima, mtuhumiwa wa kwanza ni mafuta ya breki yaliyochemka, na mafuta huchemka mapema yakiwa ya zamani kwa sababu yanafyonza unyevu wa hewa. Pedali ikiwa ngumu na gari halishiki, hapo ni pedi yenyewe. Ile gundi iliyoshikanisha unga wake ikipata moto kupita uwezo wake hutoa gesi, na pedi inateleza juu ya diski badala ya kung'ang'ania. Diski zangu nazo zilibadilika rangi zikawa za bluu. Nilishukuru Mungu zilichongeka, maana ukingoni mwa diski kumeandikwa unene wa mwisho, na zilibakiza kidogo tu kuufikia.

Ndipo akanituma kwenye duka hili. Ni dogo, liko karibu na soko la Mwanga, mbele wametundika fani belti na mipira ya shokapu. Kijana wa kaunta alinisalimia shikamoo, kisha akaniomba vitu viwili: pedi za zamani na kadi ya gari, asome namba ya chesisi. Miaka yote ninanunua spea Kigoma hakuna aliyewahi kuniomba kadi. Swali lake la tatu ndilo lililonifanya niandike: "Mama, gari hili linabeba nini, na linapita wapi?"

Alinitolea seti tatu. Ya sh 25,000 ilikuwa ya aina laini, isiyo na chuma. Haipigi kelele na haili diski, ila kwa mzigo wangu aliirudisha kwenye shelfu mwenyewe. Ya sh 85,000 ilikuwa ya kauri. Akasema ni tulivu, vumbi lake dogo, na humuuzia mtu mwenye IST asiyependa rimu kuchafuka. Ya tatu, sh 60,000, ina nyuzi za chuma ndani, na chuma hupitisha moto kuutoa kwenye uso wa pedi. "Chukua hii," akaniambia, na angeweza kabisa kunishawishi ya bei kubwa, kwa hali niliyokuwa nayo siku ile ningelipa.

Halafu akaweka pedi ya zamani juu ya mpya pale kaunta, bati kwa bati, tukaangalia masikio yote mawili, tundu, na kile kibati kidogo kinachokwaruza diski pedi inapokaribia kwisha. Ubavuni mwa pedi mpya kuna maandishi yaliyochapwa, mwishoni herufi mbili: GG. Ya kwanza ni nguvu ya kushika pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa ya moto. E iko chini, F katikati, G juu. Zile zangu za 18,000 tulizigeuza pande zote, hazikuwa na herufi hata moja. Herufi hazisemi pedi itadumu muda gani, lakini kiwanda kilichozichapa angalau kimekubali kuulizwa. Jina la boksi sitalitaja, kwa sababu boksi hughushiwa kuliko kitu chochote. Unayetaka za Toyota yenyewe, pedi za mbele namba yake huanza na 04465. Ikianza na 04495 hizo ni za breki za dramu za nyuma, usikubali kuambiwa ni zilezile.

Fundi alizifunga, akasafisha pini za kalipa, yaani kile kinachobana pedi kwenye diski, na kuzipaka grisi yake maalumu, ile isiyoharibu mpira, akamwaga mafuta ya breki ya zamani na kujaza mapya ya daraja la DOT 3. Kisha akanipeleka barabara ya Ujiji gari likiwa tupu, ili pedi mpya zizoeane na diski: unafika 50, unapunguza taratibu hadi 10 bila kusimama, unaliacha gari lipoe kidogo, unarudia mara kumi. Nilikuwa na haraka ya kwenda sokoni, akakataa kunipa funguo mpaka tumalize. Nampa haki yake.

Sasa ni mwezi wa nane tangu nizifunge. Kasoro zipo. Asubuhi ya baridi huko Manyovu zinalia mpaka watu wanageuka, zikipata joto zinanyamaza. Rimu ni nyeusi kila Jumamosi. Na diski zinaliwa, hilo naliona kwa kidole, ukingo umeanza kuinuka. Lakini nimeshuka na gunia nne mvua na jua, na pedali ninayoikanyaga juu mlimani ndiyo ileile ninayoikuta chini Mwandiga. Wiki iliyopita fundi alipima: zilianza na milimita 11, zimebaki 6. Ameniambia tukifika 3 tubadilishe bila kusubiri kelele, na nitanunua hizihizi.

Duka lenyewe nalalamikia jambo moja. Ukishafungua boksi hawarudishi hela, wanabadilisha tu, na kwa mtu aliyetoka Kasulu hilo ni gumu. Piga picha pedi zako na kadi, uwatumie kabla hujapanda gari. Ijumaa mchana hufunga kwa ajili ya swala, kwa hiyo mimi hupita kabla ya saa sita, nikishashusha ndizi.