Laki tatu na nusu za waya, na matusi juu

Duka silitaji, ila wapenda muziki wa Dar wengine mtalikisia. Nilikwenda na shida moja: ampli yangu ina mvumo, ule wa "mmmm" usiokoma hata muziki ukizimwa. Muuzaji hakuuliza nimeunganisha nini na nini. Akateremsha waya wa umeme mnene kama chatu, umevishwa soksi nyeusi, plagi inang'aa dhahabu. Laki tatu na nusu. "Huu bosi unasafisha umeme. Mvumo utausahau."

Nimefika nyumbani, nimechomeka: mmmm.

Fundi wangu wa umeme alicheka kwanza, ndipo akapiga hesabu. Waya wa kawaida wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, urefu mita 2, kwenda na kurudi una ukinzani (kuzuia umeme) wa kama ohm 0.046. Ampli ikivuta ampea 1, volti inayopotea njiani haifiki hata 0.05 kati ya 230. Huu mnene unakipunguza hichohicho kisichoonekana. Sasa weka multimita, kile kipima umeme cha mafundi, kwenye soketi, ngoja friji iwake uone namba zinavyoruka! Na umeme huo umeshatembea nguzo kwa nguzo, ukapita mita ya Luku, ukapita nyaya za ukutani, eti mita mbili za mwisho ndizo ziusafishe.

Nikarudi dukani na multimita. Yule bwana hata hakuitazama. "Bosi, muziki haupimwi kwa kifaa cha fundi umeme." Kisha akawageukia wateja: "Kuna watu wana masikio ya redio ya mbao, ukiwapa kitu kizuri wanakuletea vipimo." Watu wakaangua kicheko, hadi mbeba mizigo mlangoni.

Nikamwambia sawa, masikio yako ndiyo mazima. Geuka ukutani, mimi nibadilishe huu na ule wa kompyuta wa elfu tano, uniambie ni upi unaocheza. Ghafla akawa na wateja wengi mno.

Nisimwonee. Plagi imeshika soketi barabara, wakati ile ya zamani ilikuwa inacheza na kutoa cheche, na cheche unazisikia kwenye spika. Kwa hilo nilitaka kumpa nyota mbili. Lakini plagi ngumu ya pini tatu si inauzwa elfu chache tu duka lolote la vifaa vya umeme? Moja inamtosha.

Mvumo wenyewe umeisha. Fundi alichomoa waya wa dishi nyuma ya dekoda, mvumo ukakata hapohapo: ethi (waya unaoingia ardhini) ya nyumba na ethi ya nguzo ya dishi zilikuwa zinazungushana umeme kupitia ampli. Swali moja tu la muuzaji, "umeunganisha na dekoda?", lingeniokolea laki tatu na nusu. Nilipodai hela yangu muuzaji akanionyesha kwa kidole maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Hata hiyo nyota moja naifuta.