Adapta ya IDE kwenda USB: imenifungulia diski yangu ya zamani ya FireWire

Sisi tuliorekodi video Dodoma enzi za mikanda ya MiniDV tunaijua FireWire, aina ya tundu na kebo ya kupitisha data kati ya kamera au diski na kompyuta. Diski yangu ya nje ya wakati huo, ya GB 250, ina tundu hilo tu. Humo mna harusi za watu, na mna ngoma za muheme nilizorekodi Chamwino, akina mama wamezibana ngoma mapajani. Baadhi yao wameshafariki. Laptopu niliyonayo sasa ina USB-C pekee.

Madukani mjini nilionyeshwa kichwa kidogo cha bei poa, upande mmoja FireWire, upande wa pili USB. Sikukichukua, na wewe usikichukue. Hakina chipu ndani, ni waya tu, na hizi mbili husafirisha data kwa taratibu tofauti kabisa. Isitoshe, umeme wa FireWire unaweza kufika volti 30 wakati USB ya kawaida ni volti 5, kwa hiyo unaweza kuunguza kifaa. Kichwa cha kutoka USB-A kwenda USB-C hakina tatizo hilo, kwa sababu pande zote mbili ni USB.

Basi nikaachana na tundu la nje. Nilifungua kasha kwa bisibisi, ndani nikakuta diski ya kawaida ya inchi 3.5, aina ya IDE, ile ya zamani inayounganishwa kwa pini 40. Diski nyingi za nje za miaka ile ziko hivyo. Nikanunua adapta ya IDE na SATA (aina iliyoifuata IDE) kwenda USB, haikufika Sh 50,000.

Kabla ya kulipa, hakikisha inakuja na chaja yake. Diski ya inchi 3.5 inataka volti 12 za kuzungusha mota na volti 5 za saketi, na USB ya kawaida haitoi hizo 12. Kwenye plagi ya matundu manne utaona waya wa njano, ndio wa volti 12, mwekundu wa volti 5, na mieusi miwili katikati. Jampa ya diski, kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili nyuma yake, iweke kwenye nafasi iliyoandikwa Master. Washa umeme kwanza, sikiliza diski ikizunguka vizuri, ndipo uchomeke USB.

Folda zilitokea zote. Niliposikia ngoma ile ikilia tena nilifurahi kupita kiasi! Kunakili si kwa haraka, maana adapta hii ni USB 2.0, saa moja ya video ya MiniDV ni kama GB 13. Kama diski yako ilitumika kwenye Mac na Windows ikakuuliza kama uifomati, kataa. Data ipo, ni mpangilio tu ambao Windows haiusomi.

Nisichokipenda: kebo ni fupi mno, na soketi ya IDE haina kizuizi cha kukuonyesha upande sahihi, kwa hiyo itazame pini kwa makini usije ukazipinda. Pia umeme ukikatika laptopu inaendelea na betri lakini diski inazima papo hapo, katikati ya kunakili. Chomeka chaja yake kwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika.

Kwa wenye kamera za mikanda, adapta hii haiwafai. Kamera inataka FireWire halisi, na kwa kazi hiyo bado naitunza kompyuta ya mezani yenye kadi yake.