Uzoefu wangu na FreeCAD: kupunguza faili la msimbo wa G na kupanga kina cha kukata

FreeCAD ni programu ya kuchora vitu kwa kompyuta, na sehemu yake ya CAM hugeuza mchoro kuwa faili la maagizo ya mashine, yaani msimbo wa G. Sehemu hiyo, ambayo kabla ya toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 iliitwa Path, ndiyo ninayoitumia kuandaa kazi zote za mashine yangu ndogo ya CNC (mashine ya kukata inayofuata maagizo ya kompyuta), inayoongozwa na bodi ya kielektroniki ya Arduino Uno yenye Grbl 1.1, programu inayosoma maagizo hayo na kuiendesha mashine. Tathmini hii nawaandikia hasa wale ambao mashine zao husitasita zinapochonga michongo ya mwinuko, au huacha alama za kuungua kwenye ubao hata baada ya kupunguza kina cha kukata. Mara nyingi kina hakina hatia. Faili ndilo limejaa nukta za mwendo kuliko bodi inavyoweza kuzipokea, na kupunguza kina hakutasaidia hata kidogo.

Hesabu yake ni nyepesi. Bodi hupokea data kwa kasi ya biti za data 115,200 kwa sekunde, na kila herufi hutumia kumi, yaani herufi kama 11,520. Ukiiagiza mashine iende milimita 1,500 kwa dakika, hiyo ni milimita 25 kwa sekunde, na ikiwa nukta zimepangwa kila baada ya milimita 0.02, inahitajika mistari 1,250 ya maagizo kila sekunde. Mstari wa herufi 25 tu unatosha kukipita kiwango hicho karibu mara tatu. Kuna kikwazo kingine kisichoonekana kwa urahisi. Grbl hupanga mbele vipande 16 tu vya mwendo, na haikubali kwenda kasi ambayo haitaweza kusimama ndani ya umbali iliokwisha kuupanga. Vipande 16 vya milimita 0.02 ni milimita 0.32 tu, na kwa mashine iliyowekewa mchapuko wa milimita 200 kwa sekunde mraba, kasi haiwezi kupita milimita 680 hivi kwa dakika, hata kama faili limeandikwa 1,500. Wakati huo mota ya kukatia inaendelea kuzunguka vilevile, kwa hiyo kila jino la biti (kifaa cha kukatia kinachozungushwa na mota) linakata chini ya nusu ya unene uliokusudiwa. Badala ya maranda unapata unga, biti inasugua badala ya kukata, na ubao unaungua.

Hapa ndipo FreeCAD iliponiridhisha kweli. Katika operesheni ya kuchonga uso wa pande tatu, ambayo huhitaji programu ya nyongeza iitwayo OpenCAMLib, kuna kipimo cha umbali kati ya nukta na nukta, na kuna chaguo la kuondoa nukta zote zilizolala kwenye mstari mmoja ulionyooka. Nikiweka umbali wa milimita 0.2 na kuwasha chaguo hilo, sehemu bapa za mchongo hubaki na nukta mbili tu kila mstari, na mashine inafikia kasi niliyoiagiza. Nafasi kati ya mstari mmoja wa mkato na mwingine nayo ina uzito mkubwa: kwa biti yenye ncha ya duara ya kipenyo cha milimita 3, nafasi ya milimita 0.3 huacha matuta ya kimo cha milimita 0.0075 kwenye uso bapa, ambayo msasa laini huyafuta bila shida. Ukiipunguza kuwa 0.15 unaongeza faili na muda maradufu kwa faida ambayo nyuzi za mbao zitaificha. Kwa kazi bapa, ninasisitiza kwamba matao yabaki matao, kwa amri za G2 na G3 zinazoiagiza mashine iende kwa tao, maana programu niliyoitumia kabla ya hii iliyakatakata kuwa mamia ya vijistari. Desimali tatu zinatosha kabisa kwa milimita.

Kwenye kina ninalo pendekezo moja la lazima. FreeCAD, isipoelekezwa vingine, huweka kina cha kila mkato kuwa sawa na kipenyo cha biti, na kwa fremu nyepesi hicho ni kingi. Kwa bahati nzuri kanuni hiyo hubadilishwa mara moja katika jedwali la mipangilio la kazi, nami nimeiandika kuwa kipenyo kigawanywe kwa mbili, ili kila operesheni mpya ianze hapo. Kwa biti ya milimita 3.175 natumia 1.5 kwenye plaiwudi, na plaiwudi ya milimita 18 inakwisha kwa mikato 12 hivi. Kwa alumini ninashuka hadi 0.2 au chini yake. Kabla ya kupunguza zaidi ya hapo, angalieni kwanza biti imechomoza kiasi gani kwenye kishikio, kwa sababu kupinda kwake huongezeka kwa mchemraba wa urefu uliochomoza: ukiongeza urefu maradufu, kupinda kunakuwa mara nane.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba kina cha mwisho kinaweza kuandikwa kama fomula. Plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 18 mara nyingi huwa pungufu, kwa hiyo ninaupima ubao kwa kalipa, ninaingiza unene huo mahali pamoja, na kina cha mwisho kinajipanga kuwa unene ule na nyongeza ya milimita 0.2 ya kuingia kwenye ubao uliotandikwa chini yake. Vishikizo, yaani vijisehemu visivyokatwa vinavyozuia kipande kisirushwe, navyo hupimwa kutoka chini, kwa hiyo unene ukiwa sahihi vinabaki na kimo kilekile.

Programu hii ni ya bure na inadai uvumilivu wa kujifunza, hasa katika kuandaa maktaba ya biti. Kwa mwenye bodi ndogo kama yangu naipendekeza bila kusita; anayekata herufi na maumbo bapa tu anaweza kuanza na kitu chepesi zaidi, mradi kimruhusu kuweka mwenyewe kina cha kila mkato na kutoa matao halisi.