Muhula mmoja na Waingereza wasiosema yaliyo moyoni

Skrini ilikuwa nyeusi kabisa, nikadhani laptopu imezima. Kumbe filamu imeshaanza. Mwanamke anauliza, mwanamume anajibu, na sura zao huzioni. Unaweza kutembea zaidi ya mita 50 bila msaada? Unaweza kuinua mkono mpaka kichwani kama mtu anayevaa kofia? Mwanamume anaeleza kwamba mikono yake mizima na miguu yake mizima, kinachomsumbua ni moyo. Mwanamke anarudi kwenye orodha yake ya maswali.

Hivyo ndivyo inavyoanza I, Daniel Blake, filamu ya Ken Loach ya mwaka 2016 iliyoshinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes. Ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza tuliyopewa kwenye somo la fasihi na filamu za Uingereza za miaka ya karibuni. Nilijiandikisha nikitarajia makasri, chai na Kiingereza cha redioni. Sasa muhula umekwisha, na nimeona niandike uzoefu wangu kwa anayefikiria kuchukua somo kama hili, au anayetaka tu kujua aanzie wapi.

Daniel ni seremala wa Newcastle, ana miaka 59, na amepatwa na shambulio la moyo akiwa kazini. Daktari wake amemkataza kufanya kazi. Ofisi ya mafao, kwa kutumia maswali yale ya kofia, inasema anaweza. Wakati rufaa yake inasubiriwa inabidi aombe posho ya wasio na ajira, na ili aipate ni lazima azunguke kutafuta kazi ambazo akipewa hataweza kuzipokea. Fomu zote ziko mtandaoni, na maisha yake yote ameandika kwa penseli.

Kuna mahali anaelekezwa apandishe mausi kwenye skrini, naye anainyanyua mausi mezani na kuibandika kwenye kioo cha kompyuta. Darasani watu walicheka. Mimi nilimwona baba. Mwaka juzi nilimsindikiza kufuatilia mafao yake katika ofisi moja, safari nne, na bahasha ileile ya kaki mkononi. Leo mtandao uko chini, kesho jina la kati halifanani na la kwenye kitambulisho. Baba yangu, ambaye akikohoa tu mlangoni sisi watoto tunanyamaza, pale dirishani alikuwa anasema "samahani mwanangu" kwa binti wa umri wangu, na yule binti hakuinua macho. Nilipanda daladala naye kurudi nyumbani na hatukuzungumza mpaka tuliposhuka. Sikuwahi kumsimulia mtu safari zile. Filamu ya Newcastle ndiyo iliyonifungua mdomo.

Tukio ambalo kila mtu atakutajia ni la kopo. Katie, mama wa watoto wawili aliyehamishwa kutoka London, anakwenda kwenye kituo cha kugawa chakula cha msaada. Siku nyingi amekuwa akiwapa watoto chakula na yeye kulala njaa. Anapita kwenye rafu na mhudumu mpole, anachagua hiki na kile, halafu ghafla anageukia ukutani, anafungua kopo, anajimiminia kiganjani na kula kwa mkono. Chakula kinamdondokea. Alipogundua kwamba wamemwona, akaanza kulia na kuomba radhi. Daniel anamwambia hana kosa lolote. Nililisimamisha tukio lile, nikatoka nje kupunga upepo, ndipo nikarudi kumalizia.

Kasoro ipo. Wafanyakazi wa ofisi ile, ukimtoa Ann mmoja, wamechorwa kama mawe, na njia aliyofuata Katie baadaye ili apate pesa imekuja haraka mno, kama vile mwandishi alihitaji pigo moja zaidi. Lafudhi ya Newcastle nayo ni ngumu kwetu tuliofundishwa Kiingereza cha vitabuni, kwa hiyo washa maandishi ya chini ya skrini tangu mwanzo. Hata hivyo, hii ndiyo ningekuambia uanze nayo.

Kitabu kilichonipa taabu zaidi, na sasa ndicho ninachokipenda kuliko vyote, ni The Remains of the Day cha Kazuo Ishiguro, kilichotoka mwaka 1989 na kushinda tuzo ya Booker mwaka huohuo. Anayesimulia ni Stevens, mkuu wa watumishi katika jumba la Lord Darlington. Kurasa za mwanzo zilinichosha kwelikweli: namna ya kung'arisha vyombo vya fedha, mtumishi mkuu wa kweli ni yupi, hadhi maana yake nini. Niliwahi kukifunika nikakiweka chini ya mto wiki nzima.

Halafu nikafika mwaka 1923. Kuna mkutano mkubwa wa wageni pale jumbani. Baba yake Stevens, ambaye naye ni mtumishi humohumo, anakata roho ghorofani, na Stevens yuko chini anapita na vinywaji katikati ya wageni. Anatusimulia kwa sauti ileile aliyotumia kwenye habari za vijiko. Ghafla bwana wake anamuuliza kama yuko sawa, kwa sababu anaonekana kama mtu anayelia. Nilishtuka. Nilirudi nyuma nikausoma ukurasa ule mstari kwa mstari kutafuta niliporuka, mahali alipotuambia kwamba analia. Hapakuwa na mahali. Hakutuambia! Tangu hapo nilikisoma kitabu kizima kwa jicho jingine, nikichungulia nyuma ya kila neno la adabu kuona anaficha nini.

Filamu yake ni ya mwaka 1993, imeongozwa na James Ivory, na Stevens ni Anthony Hopkins. Iliteuliwa kuwania Oscar nane na haikupata hata moja, jambo ambalo mpaka sasa linaniuma. Tafuta pale Miss Kenton, msimamizi wa nyumba katika jumba lile, anayechezwa na Emma Thompson, anapomkuta na kitabu na kutaka kujua anasoma nini. Stevens anakikumbatia. Miss Kenton anasogea na kumbandua vidole, kimoja baada ya kingine, mpaka anakipata, na kumbe ni hadithi ya mapenzi tu. Hawajagusana zaidi ya vidole vile, lakini chumba chote kimejaa. Hopkins anamtazama tu.

Darasani tulibishana sana kuhusu mwisho. Kitabuni, baada ya miaka mingi, Stevens anakiri kwetu wasomaji kwa sentensi moja fupi kwamba moyo wake ulikuwa unavunjika, kisha jioni kule Weymouth, mji wa pwani, analia mbele ya mtu asiyemjua, naye anataka kumpa leso. Filamu imeviacha vyote viwili. Wenzangu wengi walisema uso wa Hopkins unatosha. Mimi nasema hautoshi: mtu aliyefunga mdomo kurasa mia mbili, sentensi yake moja ni haki yake. Kwa hiyo kitabu kwanza, filamu baadaye.

Cha tatu kilinikuta sijajiandaa, kwa sababu kinatoka kwetu. By the Sea cha Abdulrazak Gurnah, mwaka 2001. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana, akafundisha Chuo Kikuu cha Kent, na mwaka 2021 akapewa Nobel ya fasihi. Ishiguro aliipata mwaka 2017, naye alizaliwa Nagasaki. Mwenzangu mmoja aliuliza hii ni fasihi ya Uingereza kweli au ni yetu. Sikuona kwa nini nichague. Ukitaka kumsoma Gurnah kwa Kiswahili, Paradise ipo kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, nayo ni safi.

By the Sea inaanza na Saleh Omar, mzee wa miaka 65, akitua uwanja wa ndege wa Gatwick, karibu na London, na pasipoti ya jina la mtu mwingine. Daniel alisema kila kitu na hakusikilizwa. Saleh Omar anakijua Kiingereza vizuri kabisa, na anakificha, kwa kuwa ameshauriwa afanye hivyo. Afisa uhamiaji, Kevin Edelman, anafungua begi lake na kukuta kijisanduku cha udi. Si udi wa kubahatisha, ni udi al-qamari, na ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha maisha yake yaliyopita. Edelman anakitaka. Afisa huyohuyo anaeleza kwamba wazazi wake mwenyewe waliingia Uingereza kama wakimbizi, kutoka Romania. Anakichukua kijisanduku, na mzee anamtazama, anaelewa kila neno, hasemi kitu.

Nusu ya pili ya kitabu ni nzito: madeni, nyumba, mirathi, na majina yanayofanana mpaka nikachora ukoo wao nyuma ya daftari. Vumilia, kila deni lina maana.

Likizo nilimsomea mama sura ile ya Gatwick, nikiigeuza Kiswahili papo hapo. Mama amekulia Unguja na chetezo chake hakikai bila makaa siku ya Ijumaa. Nilipofika kwenye udi aliacha kuchambua mchele.

"Kauchukua wote?"

"Wote, mama. Na kijisanduku chake."

"Na mwenyewe kanyamaza, na lugha anaijua?"

"Kanyamaza."

Akautikisa ungo kidogo, akafikiri. "Huyo mzee ana lake jambo," akasema. "Hebu endelea."