Uzoefu wangu na Gradle: makosa ya tegemezi na bando linakoishia

Najenga programu za Android hapa Dar kwa bando la simu, kwa hiyo Gradle, zana inayojenga programu na kupakua maktaba inazozitegemea (tegemezi), naipima kwa mambo mawili: inaeleza kosa vizuri kiasi gani, na kulirekebisha kunakula MB ngapi. La kwanza naipa nne kati ya tano. La pili linategemea wewe mwenyewe.

Kosa sugu ni «Duplicate class kotlin.collections.jdk8…». Kwa kawaida maktaba mbili zikidai matoleo tofauti ya kitu kimoja, Gradle huchukua la juu zaidi na kazi inaendelea. Hapa inashindwa kwa sababu majina hayafanani: tangu toleo 1.8.0 la lugha ya Kotlin, vilivyokuwa kwenye kotlin-stdlib-jdk7 na kotlin-stdlib-jdk8 vimehamia kotlin-stdlib, maktaba yake ya msingi. Maktaba ya zamani ikivuta jdk8 ya 1.6, klasi (vipande vya msimbo) zilezile zinaingia mara mbili. Kumjua aliyeivuta:

./gradlew app:dependencyInsight --dependency kotlin-stdlib-jdk8 --configuration releaseRuntimeClasspath

Mstari wa juu ni mtuhumiwa, walio chini yake ndio waliomleta. Kisha kwenye dependencies za app/build.gradle ongeza:

implementation(platform("org.jetbrains.kotlin:kotlin-bom:1.8.0"))

Hiyo bom ni orodha ya matoleo yanayokwenda pamoja. Kama unatumia Kotlin ya juu zaidi, weka namba ya toleo lako. Matoleo yatalingana na kosa litatoweka. Usikimbilie exclude, yaani kuondoa maktaba: ukiondoa isiyofaa, programu inaweza kujengeka vizuri, halafu ianguke mkononi mwa mteja kwa NoClassDefFoundError (klasi haikupatikana).

Sasa bando. Ushauri wa «futa ~/.gradle/caches yote», folda ya vilivyokwisha kupakuliwa, ni wa watu wenye faiba, utapakua kila kitu upya. Jaribu kwanza --refresh-dependencies. Wengi wanaiogopa bure: inauliza upya kwenye hazina ya maktaba mtandaoni, lakini faili ambalo SHA-1 yake (alama inayotambulisha yaliyomo) haijabadilika halipakuliwi tena. Mtandao ukikatika Gradle yenyewe ikishuka, utaona «zip END header not found». Futa folda ya toleo hilo tu ndani ya ~/.gradle/wrapper/dists. Na kwenye gradle-wrapper.properties, badilisha -all.zip iwe -bin.zip. Hiyo -all inabeba hadi nyaraka na msimbo chanzo, mzigo usiouhitaji kujenga. Vyote vikishashuka, jenga kwa --offline, bila mtandao.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya ujumbe wa makosa: kurasa nzima, na sababu halisi imejificha kwenye «Caused by» ya mwisho kabisa.