Sensa za miguu: ya kubana kwenye kamba au ya soli?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani kuna vifaa viwili ambavyo watu huviita kwa jina moja, sensa za miguu. Hiki kidogo kinabanwa kwenye kamba za kiatu. Hiki kingine ni soli ya ndani yenye sensa. Kazi zao ni mbili tofauti, na wengi hukosea kununua kwa kutolijua hilo.

Tuanze na hiki cha kamba. Ndani kina akselerometa na jairoskopu, yaani kinajua mguu unavyokwenda na unavyogeuka, lakini hakijui umebeba kilo ngapi. Urefu wa hatua kinaukokotoa kwa kujumlisha mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, na kila jumlisho linabeba kosa dogo linaloendelea kukua. Ili kulifuta, programu husubiri nukta ile unyayo umetulia chini, inahesabu kasi ni sifuri, kisha inaanza upya. Sasa kipeleke Coco Beach kwenye mchanga mkavu: unyayo unadidimia, unateleza, hautulii. Umbali utakaouona kwenye simu usiuamini. Pimia kwenye lami.

Kukihakiki ni rahisi. Kimbia mzunguko mmoja kwenye njia ya ndani kabisa ya uwanja wa riadha, mita 400. Kikisoma 412, gawanya 400 kwa 412 upate 0.971, uingize namba hiyo kwenye programu. Rudia mara tatu. Majibu yakirukaruka, hesabu haina kosa, kosa liko kwenye kubana. Tazama hapa karibu: nakisukuma kwa kidole, kinacheza. Kikicheza hivi, kinapima mtikisiko wake chenyewe. Pitisha kamba mbili za chini, karibu na vidole, kaza, sukuma tena. Sasa kimetulia.

Jambo jingine ni idadi ya sampuli kwa sekunde, yaani kifaa kinapima mara ngapi. Mkimbiaji wa kawaida hukanyaga ardhi kwa milisekunde 250 hivi. Kifaa cha sampuli 50 kinapata vipimo 12 tu humo, kila kimoja milisekunde 20 baada ya mwenzake. Kocha anayetafuta tofauti ya milisekunde 10 kati ya mguu wa kushoto na wa kulia, ataionaje? Tafuteni cha sampuli 200.

Haya, soli. Hii inapima kanieneo, yaani mgandamizo wa kila sehemu, chini ya unyayo. Pedar ya kampuni ya novel ina sensa 99 kila mguu. OpenGo ya Moticon ina 16. Zote za Munich, Ujerumani. Kwa kuona mgonjwa anaegemea upande gani baada ya kiharusi, 16 zinatosha. Kwa mguu wa mwenye kisukari uliopoteza hisia, mimi nataka nyingi, kwa sababu kidonda huanzia sehemu ndogo sana, mara nyingi chini ya mfupa wa kidole gumba, na sensa pana husambaza kanieneo ya hapo ikaonekana ndogo. Wataalamu wa miguu hulenga kilele cha kanieneo kisichofika kilopaskali 200 ndani ya kiatu. Na tafadhali, soli huongeza unene: kiatu kikibana juu ya vidole, umemtengenezea mgonjwa hatari mpya. Toa kwanza soli ya zamani.

Kabla ya kupima, mgonjwa atembee dakika 10 ili soli ishike joto la mguu. Kisha ainue mguu hewani, ubonyeze sifuri, halafu mguu wa pili. Asimame kwa mguu mmoja: mwenye kilo 70 asomeke karibu na 70, pungufu kidogo si neno. Ikisoma 55, iondoe, usiendelee. Kwa joto na jasho la Dar, rudia sifuri kila nusu saa.

Angalia na hapa, waya unapotokea pembeni ya uvungu wa unyayo. Soli nyingi hukatikia hapa, kwa kukunjwa wakati wa kuingiza. Legeza kamba zote, itelezeshe ikiwa bapa. Baada ya kazi ifute kwa kitambaa chenye spiriti, ikaushe kivulini. Usiianike juani.

Mwisho, kabla hujalipa, mwambie muuzaji akutolee data ghafi, namba zenyewe kwenye faili. Akikuonyesha picha za rangi kwenye simu tu, rudisha boksi.