Mwongozaji wa milima wa Chamonix wakati wa kiangazi: tathmini ya mteja aliyezoea Kilimanjaro

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile ya kumkodi mwongozaji wa milima mwenye diploma katika mji wa Chamonix, Ufaransa, kwa mpango wa wiki moja ya kiangazi ambao ofisi nyingi za huko huuza kwa jina la Mont Blanc, mlima mrefu ulio mpakani mwa Ufaransa na Italia. Mpango huo hufanana karibu kila ofisi: siku za mwanzo ni za kujifunza kutembea juu ya barafu na kuuzoesha mwili hewa nyepesi, mara nyingi kwenye mlima wa Gran Paradiso upande wa Italia, na siku za mwisho ni za kujaribu kilele chenyewe kwa njia ya Goûter. Sikufika kileleni mwa Mont Blanc, na naomba msomaji ajue mapema kwamba hilo silo lililonifanya niipunguzie huduma hii alama.

Nianze na bei, kwa kuwa ndiyo inayowashtua wengi. Malipo ya mwongozaji kwa ajili ya Mont Blanc huzidi yuro 1,000 bila shida, na mpango wa wiki nzima huzidi hapo kwa mbali. Fedha hizo mara nyingi hazijumuishi gari la waya, treni ya mlimani, wala kukodi viatu, kofia ngumu, shoka la barafu na vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya viatu. Aidha, kwa desturi ya huko, kitanda na chakula cha mwongozaji katika nyumba za mlimani hulipwa na mteja. Aliyezoea Kilimanjaro atauliza fedha zote hizo zinakwenda wapi, maana kule analipia kiingilio cha hifadhi, mwongozaji mkuu na wasaidizi wake, mpishi, pamoja na wapagazi wanaotangulia na mahema ili yeye afike akute chai tayari. Katika Alpi, safu ya milima ya huko Ulaya, hakuna kiingilio cha hifadhi, hakuna mpagazi, na mzigo wako ni wa mgongo wako. Unamlipa mtu mmoja tu, na mtu huyo kwenye Mont Blanc hachukui wateja zaidi ya wawili kwa kamba moja. Kwenye mlima wa Matterhorn, upande wa Uswisi, humchukua mteja mmoja peke yake. Hesabu hiyo ndiyo inayoipandisha bei, na baada ya kuona kazi inavyofanyika sidhani kama ingeweza kuwa vinginevyo.

Mtu huyo mmoja si wa kuokotwa njiani. Nchini Ufaransa kazi ya kuongoza juu ya barafu na miamba inalindwa na sheria, na diploma yake hutolewa na shule ya taifa ya ski na upandaji milima, ENSA, iliyoko hapo hapo Chamonix, baada ya mafunzo ya miaka kadhaa ambayo hata kuyaomba kunahitaji uwe umeshakwea njia nyingi ngumu kwa nguvu zako mwenyewe. Mwenye diploma hiyo huvaa beji ya shirikisho la kimataifa la waongozaji, UIAGM, na mteja ana haki ya kuiulizia. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wapo pia waongozaji wa matembezi, wenye diploma nyingine kabisa, wanaoongoza vizuri sana safari za miguu kama ile ya kuuzunguka Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, lakini ambao hawaruhusiwi kumpeleka mteja kwenye mto wa barafu, yaani barafu nene inayoteremka mlimani polepole. Matangazo ya mtandaoni hayaitofautishi kazi hizi mbili kwa uwazi unaostahili.

Chamonix wana historia yao katika kazi hii, nao hawaoni haya kuitangaza. Kilele cha Mont Blanc kilifikiwa mara ya kwanza tarehe 8 Agosti 1786 na Jacques Balmat na daktari Michel-Gabriel Paccard, wote wenyeji wa bonde hilo. Mwaka 1820 maporomoko ya theluji yaliwaua waongozaji watatu waliokuwa wakiwapandisha wageni, na mwaka uliofuata wenzao wakaunda Compagnie des Guides de Chamonix, chama kinachotambuliwa kuwa cha kale kuliko vyote vya aina yake, kikiwa na mfuko wa kuzisaidia familia za waliofariki na utaratibu wa kugawana wateja kwa zamu. Siku hizi zipo ofisi nyingine nyingi mjini, zikiwamo za waongozaji wanaojitegemea, na yule niliyepewa mimi alitoka katika mojawapo ya hizo.

Gran Paradiso ulitupa, mimi na mwenzangu wa kamba, nafasi ya kumwona mwongozaji wetu kazini. Mlima huo una mita 4,061, yaani uko chini sana ya Uhuru penye mita 5,895, na ni rahisi kwa mtu aliyewahi kusimama kwenye kilele cha Kilimanjaro kuudharau. Asiudharau. Kwenye Kilimanjaro, kwa njia za kawaida, unatembea juu ya udongo na kokoto bila kamba, na adui wako mkubwa ni upungufu wa oksijeni. Hapa sehemu kubwa ya juu ni barafu yenye nyufa, baadhi zikiwa zimefunikwa na theluji nyembamba, na kosa la mguu mmoja linaweza kuwavuta wote waliofungwa kamba moja. Mwongozaji alitumia saa nzima karibu na nyumba ya mlimani kutufundisha kukanyaga kwa meno yote ya vyuma badala ya ncha, kushika shoka mkono wa upande wa mlima, na kutoiacha kamba ilegee. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na Kiingereza chake kilikuwa cha kazi tu, lakini kila alichosema kilikuwa na sababu na alikisema mara moja.

Jambo lililonisumbua mwanzoni ni mwendo. Sisi tumelelewa na wimbo wa "polepole", na kweli kule ndio unaomfikisha mtu. Huyu alituamsha usiku wa manane, akatupa muda mfupi wa kula mkate na kunywa kahawa, kisha akaondoka kwa mwendo ambao haukuwa wa kukimbia lakini haukuruhusu kusimama kila mara kupiga picha. Nilipomuuliza, alinionyesha jua lilipokuwa likianza kugusa miamba ya juu. Usiku barafu huyashikilia mawe na theluji hukaza. Jua likishapanda, madaraja ya theluji juu ya nyufa hulainika na mawe huanza kuteremka. Kwa hiyo muda ndani ya Alpi ni sehemu ya usalama, na mteja anayekwenda taratibu mno hujiongezea hatari. Ofisi ingefaa kulieleza hili kabla mteja hajalipa, hasa kwa watu wanaotoka kwenye milima mirefu zaidi na kudhani kwamba urefu ndio kipimo pekee.

Baada ya Gran Paradiso, joto likapanda. Kwa asiyefahamu njia ya Goûter, hali iko hivi: unapanda treni ya mlimani hadi kituo cha Nid d'Aigle, unatembea hadi nyumba ya Tête Rousse penye mita 3,167, na kutoka hapo, kabla ya kuufikia mwamba unaokupeleka kwenye nyumba ya Goûter penye mita 3,835, ni lazima ukate korongo jembamba ambalo mawe hulitumia kama njia yao ya kushukia. Kulivuka ni kazi ya muda mfupi sana, lakini sehemu hiyo ya njia iliua zaidi ya watu 100 kati ya mwaka 1990 na 2017. Kinachoyafunga mawe hayo pale juu ni barafu iliyo ndani ya mwamba wenyewe, na siku ambazo hata usiku hakugandi, gundi hiyo huyeyuka.

Si jambo la kubahatisha tena. Tarehe 3 Julai 2022 kipande cha barafu kilimomonyoka kwenye mlima wa Marmolada, Italia, kikaua watu 11. Tarehe 25 ya mwezi huo huo vipimo vya Uswisi vilionyesha kwamba kimo ambacho joto la hewa hushuka hadi nyuzi sifuri kilikuwa mita 5,184, juu zaidi ya kilele cha Mont Blanc chenyewe, na Agosti 2023 rekodi hiyo ikavunjwa kwa mita 5,298. Katika kiangazi kile cha 2022 waongozaji wa Chamonix walisimamisha safari za njia ya Goûter, wenzao wa mji wa Zermatt, Uswisi, wakasimamisha za Matterhorn, na meya wa Saint-Gervais, mji ambako njia ya Goûter huanzia, Jean-Marc Peillex, akakasirishwa na watu walioendelea kupanda bila mwongozaji hadi akapendekeza kila mmoja aweke dhamana ya yuro 15,000 kwa ajili ya uokoaji na mazishi. Wakazi wa hapo bado wanalisimulia pendekezo hilo, wengine wakicheka, wengine wasicheke.

Kwetu sisi uamuzi ulifanyika jioni moja, mezani, bila mbwembwe. Mwongozaji alitandaza utabiri wa hewa, akasoma joto la usiku lililotarajiwa pale Tête Rousse, akapiga simu kwa mwenzake aliyekuwa ameshuka siku hiyo, kisha akasema hatupandi. Mwenzangu wa kamba, ambaye alikuwa ameweka akiba kwa muda mrefu, alimwomba afikirie tena, akadokeza kwamba tulikuwa tumewaona watu wengine wakielekea huko. Jibu lilikuwa kwamba hao hawakuwa kwenye kamba yake. Kumbuka kwamba yeye naye alikuwa na sababu ya kutaka kwenda, kwani msimu wake mkubwa ni Julai na Agosti, na kila wiki inayovurugika ni wiki ambayo huenda asiipate tena hadi mwakani. Kwangu mimi hapa ndipo fedha zote zilipojilipa: nilikuwa nimenunua uamuzi wa mtu anayeujua mlima kuliko ninavyoujua, na uamuzi huo una thamani hasa pale usiponipendeza.

Wala hatukurudi mjini kukaa. Alitupandisha kwa gari la waya hadi Aiguille du Midi, penye mita 3,842, safari ya kama dakika 20 kutoka mji ulioko kwenye mita elfu moja na kitu, na hapo ndipo siku za Gran Paradiso zilipotufaa, maana abiria kadhaa waliopanda nasi walikuwa wamejishika vichwa. Ukitoka kwenye handaki la barafu unashuka ukingo mwembamba wa theluji ambao pande zote mbili hauna kitu cha kukushikilia. Kwenye mto wa barafu mwongozaji hutangulia ili yeye ndiye agundue ufa. Kwenye ukingo huo wa kushuka alitutanguliza sisi akabaki nyuma, kamba ameikunja fupi mkononi, ili yeyote akiteleza amdake kabla hajapata kasi. Tukakata bonde la barafu hadi Pointe Helbronner, mpakani mwa Italia, tukashuka hadi mji wa Courmayeur na kurudi kwa basi kupitia handaki la Mont Blanc. Ni safari nzuri mno, na nathubutu kusema kwamba kwa macho ina faida kuliko kulala ndani ya nyumba ya Goûter iliyojaa watu wanaokoroma.

Sasa upungufu. Ofisi iliyotupangia safari, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeandika kwenye barua zake za mauzo maneno yanayomfanya mtu aamini kwamba kilele kiko karibu kuhakikishwa, ilhali masharti ya mkataba, yaliyokuja baada ya malipo ya kwanza na kwa Kifaransa peke yake, yalisema kwamba mpango unaweza kubadilishwa na hakuna fedha inayorudishwa. Sipingi sharti hilo, kwa kuwa mwongozaji amefanya kazi yake hata kama kilele hakikupatikana. Ninachopinga ni kutosemwa kwake waziwazi. Nafasi za nyumba za Goûter na Tête Rousse nazo huwekwa kwa majina, na tangu 2019 asiye na nafasi haruhusiwi kuendelea na njia hiyo. Ofisi ilichukua majina yetu kwa kuchelewa, ikakosea la mmoja wetu, na ilijibu barua pepe baada ya siku nyingi. Tungekuwa tumepanda kweli, kosa hilo lingeweza kutugharimu.

Kwa hiyo mwongozaji nampa alama tano kati ya tano, na ofisi naipa mbili. Kwa anayefikiria kununua huduma hii, ningemshauri achague Juni mwishoni au Septemba mwanzoni badala ya katikati ya Julai, amuulize muuzaji kwa maandishi ni mlima upi mbadala utakaotumika na kwa bei gani, na asinunue kabisa ikiwa anachotaka ni picha ya kilele kimoja tu. Asiye na mazoezi ya kupanda mfululizo kwa saa nyingi akiwa na mzigo mgongoni aanze na safari ya kuuzunguka mlima. Bahashishi si wajibu kama ilivyozoeleka kwetu, ingawa hupokelewa kwa furaha, na kinywaji baada ya kushuka ni desturi. Bima ikatwe kabla ya kuondoka nyumbani: upande wa Ufaransa uokoaji wa mlimani unaofanywa na kikosi cha serikali haulipiwi, lakini ukivuka tu kuingia Uswisi helikopta ina ankara yake, na mipaka ya huko juu haina geti la kukukumbusha.